Sura ya Saba: Waliopiga Magoti

Mwaka 1975 kampuni ya Marvel ya New York ilitoa toleo nene la katuni lililoitwa Giant-Size X-Men, na humo akatokea kwa mara ya kwanza Ororo, ambaye dunia inamjua zaidi kwa jina la Storm. Tunamkuta Kenya. Nywele zake ni nyeupe pe, mavazi yake ni machache, na mbele yake wamekusanyika watu ambao mashamba yao yamekauka. Wanamwomba mvua, naye anawapa: upepo unavuma, mawingu yanajikusanya, radi inapasua anga. Kisha anatokea Mzungu mwenye upara, Profesa Xavier, anamwambia kwamba yeye si mungu, ni mutanti, na kwamba kuna dunia kubwa inayomhitaji kuliko hapa. Ororo anaondoka naye. Wale watu wanabaki palepale.

Msomaji wa Lusangi huku kwetu Maniema, mashariki mwa Kongo, ambaye mvua ikichelewa kidogo tu huanza kuuangalia mpunga wake kwa wasiwasi, atauliza papo hapo: na msimu ujao nani atawanyeshea? Toleo lile halina jibu kwa sababu swali lenyewe halikumjia mwandishi. Wale watu hawana majina. Hawana mzee wa kijiji, hawana ugomvi wa mipaka ya mashamba, hawana shemeji wala mtani. Kazi yao ni kupiga magoti, ili sisi tulioko nje ya ukurasa tujue kwamba aliyesimama ni mkubwa.

Sura zilizotangulia zilihusu watu waliofika Maniema wakatuandika. Sura hii inahusu mwanamke wa kubuni ambaye hajawahi kufika Kasongo wala Kabambare, na huenda msomaji akajiuliza anatafuta nini humu. Nimemwingiza kwa sababu ameandikwa na watu wengi, kwa karibu nusu karne, na kila mmoja amemgeuza kidogo, hivyo alama za kila mkono zinaonekana wazi kuliko katika kitabu cha historia. Wapenzi wa katuni wakibishana juu yake, hubishana juu ya nguvu zake, mavazi yake na mume wake. Mimi nitawatazama waliomzunguka. Nguvu za Ororo ni zilezile tangu 1975, kuamuru upepo, mvua na radi. Kinachobadilika kutoka mwandishi hadi mwandishi ni watu anaoruhusiwa kuwa nao, na kama watu hao wana midomo.

Anayekulia kati ya Kasongo na Kabambare hashangai kuona hadithi moja ikivaa sura nyingi. Msichana mkaidi wa hadithi za jioni, akisimuliwa na shangazi, huponea kwa akili zake mwenyewe. Akisimuliwa na mjomba, huponea kwa sababu kaka yake alifika mapema. Lakini msichana wa hadithi zetu hana mwenyewe, na anayetaka amchukue. Ororo ana mwenyewe. Len Wein aliyemwandika mara ya kwanza na Dave Cockrum aliyemchora walikuwa vibarua wa Marvel, na walichokibuni kikawa mali ya kampuni. Mwandishi akiondoka, shujaa anabaki ofisini kumsubiri anayefuata. Huyo anayefuata hawezi kufuta yaliyokwisha kuchapwa, ila anaweza kuyakumbuka kwa namna yake, na hapo ndipo ujanja wote ulipo.

Mwanzo wake wenyewe ulikuwa wa kuungaunga. Kikosi kipya cha X-Men kilitakiwa kiwe cha mataifa: Mkanada, Mjerumani, Mrusi, Mjapani, Mwairishi, Mwapache, na Mwafrika mmoja. Cockrum alichukua michoro ya wahusika kadhaa aliokuwa amewabuni bila kuwatumia, mwanamke mwenye asili ya paka na mtu wa hali ya hewa wakiwemo, akawachanganya. Wengine waliogopa nywele nyeupe zingemfanya aonekane ajuza. Kuhusu Kenya, sioni dalili kwamba kuna aliyesumbuka sana. Mwaka ule jengo la mikutano la KICC lilikuwa limekwisha kusimama katikati ya Nairobi, na Wangari Maathai alikuwa amepata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Nairobi tangu 1971. Miaka miwili baada ya Ororo kuchapwa, Maathai alianzisha Mkanda wa Kijani, wanawake wa vijijini wakaanza kuotesha na kupanda miti katika ardhi iliyochakaa, na kulipwa kidogo kwa kila mche ulioshika. Kenya, kwa maneno mengine, ilikuwa na mwanamke wake halisi wa kushughulika na ukame, na waliomzunguka walikuwa na majembe mikononi. Kenya ya Wein na Cockrum ni majani, mawe na shida.

Wein hakukaa. Mwaka uleule wa 1975 kazi ilimwangukia kijana aitwaye Chris Claremont, naye akaishikilia hadi 1991. Miaka kumi na sita katika kazi ya namna hii ni umri wa mtu mzima, na sehemu kubwa ya kile ambacho watu hukiita Storm ni Claremont.

Alianza kwa kumpa wazazi. Katika toleo la 102, la mwaka 1976, tunaambiwa kwamba mama yake, N'Dare, alikuwa binti wa kifalme kutoka Kenya, na baba yake, David Munroe, mpiga picha wa habari Mmarekani mweusi. Ororo alizaliwa Harlem, akapelekwa Cairo akiwa mdogo. Wakati wa vita vya Suez vya 1956 ndege iliangukia nyumba yao. Wazazi walikufa, naye akabaki amefukiwa kwenye kifusi pamoja na mwili wa mama yake, na tangu siku hiyo hawezi kuvumilia mahali pa kubana. Akalelewa na wezi wa mitaani, akawa hodari wa kuchomoa mifukoni, kisha akiwa binti akatembea kwa miguu kuelekea kusini hadi nyika za Serengeti. (Serengeti ya katuni hizi mara nyingi huwa Kenya. Watanzania wamezoea.)

Msomaji ataona kilichofanyika hapo. Mungu wa mvua amegeuka mtoto yatima mwenye mchanga wa kifusi kooni. Tena amepata Cairo, yaani mji, soko, polisi, bwana wa wezi, watoto wenzake wa mtaani. Ni watu wachache, lakini wana majina na wana haja zao. Kwa upande wa kijiji alichokuja kutawala baadaye, bado ni magoti. Claremont wa 1976 aliujua mji kuliko shamba, na hakuna wa kumlaumu kwa hilo peke yake. Alikuwa mtu wa New York. Tatizo ni kwamba aliandika mji wa Afrika kama mahali penye historia na kijiji cha Afrika kama mahali penye mandhari.

Wasomaji wengi huamini kwamba shujaa hubadilika pale mwandishi anapobadilika. Claremont anavuruga imani hiyo, kwa sababu mageuzi makubwa kuliko yote ya Ororo yalitoka kwenye kalamu ileile. Mwaka 1983 yule aliyekuwa ameapa kutoua anapigana kwa kisu na Callisto, mkuu wa mutanti wanaoishi chini ya ardhi ya New York, anamchoma, na anachukua uongozi wao. Miezi michache baadaye, baada ya safari ya Japani, anarudi amenyoa kiduku na kuvaa ngozi nyeusi. Msichana Kitty, aliyempenda kama mama, anaangua kilio kwa kumwona. Mchoraji Paul Smith alikuwa amekichora kiduku kile kama mzaha. Kikapita, kikawa mojawapo ya sura zake zinazokumbukwa zaidi.

Kisha, mwaka 1984, akanyang'anywa nguvu. Ofisa wa serikali ya Marekani alifyatua silaha akimlenga mwanakikosi mwingine, ikampata Ororo. Toleo lililofuata, lililochorwa na Barry Windsor-Smith, karibu lote ni watu wawili ndani ya nyumba moja: Ororo asiyeweza tena kuruka, na Forge, Mcheyenne fundi wa mitambo anayemuuguza na kuanza kupendwa naye, hadi Ororo anapogundua kwamba silaha ile ilitengenezwa na huyohuyo. Hakuna jini wala roketi. Ni hasira ya mwanamke aliyedanganywa na mtu aliyemlisha. Nimewahi kuwapa kurasa hizo watu wasiojali kabisa katuni, na wakazisoma hadi mwisho.

Mwaka 1985 ukaja mwendelezo, na huo ndio ninaoutaka. Ororo amerudi Afrika, hana nguvu, anatembea kwa miguu kama yeyote. Anakutana na mjamzito, Shani, anayetoka mjini kurudi kwao, na wanafika kijijini pamoja. Huko kuna mzee, Mjnari. Mzee huyu anamwambia Ororo mambo ambayo hakuna mtu wa Afrika aliyewahi kumwambia katika miaka kumi ya katuni: juu ya mizani ya uhai na ardhi, juu ya kijiji kinachoweza kulisha watu kadhaa na si zaidi. Jina lake linaonekana limetungwa na mtu ambaye Kiswahili hakijawahi kupita mdomoni mwake, sawa. Lakini ni jina. Na Shani anatoka mjini, maana yake hatimaye kijiji hiki kina barabara inayofika mahali. Ilibidi mungu avuliwe uungu ndipo wenyeji wapate nafasi ya kusema, kwa sababu mbele ya anayeweza kuleta mvua mtu husema maneno machache sana.

Halafu tazama kichwa kidogo cha toleo hilo: kimeazima jina la riwaya ya Joseph Conrad kuhusu moyo wa giza. Conrad aliupanda mto wetu mwaka 1890 hadi Stanley Falls, Kisangani ya leo, na hakufika juu zaidi, kwenye Lualaba ya Nyangwe na Kasongo. Riwaya yake ina wanawake wa mtoni wasiosema neno. Claremont aliandika toleo ambalo wenyeji wanasema kuliko kawaida, akalibandika jina la kitabu ambacho wenyeji hunyamaza kuliko kawaida. Sijui kama aliona kichekesho. Huenda aliona mshangao wa jina tu, kama wengi wanavyofanya wakisikia neno Kongo.

Huku kwetu jambo hili lina kisa chake, na si cha kubuni. Tarehe 15 Julai 1871, kwenye soko la Nyangwe, watu wa wafanyabiashara wa pwani waliwafyatulia risasi watu waliokuja sokoni, wengi wao wanawake, na wengi wakafa maji wakijaribu kuvuka Lualaba. David Livingstone alikuwepo. Karatasi zilikuwa zimemwishia, kwa hiyo aliandika juu ya gazeti kuukuu la London, kwa wino wa maji ya mimea. Baadaye aliyanakili kwenye daftari lake kubwa, na baada ya kifo chake Horace Waller akahariri kitabu kilichotoka 1874, ambacho dunia ilikisoma. Mwaka 2011 wataalamu walifanikiwa kuusoma upya ule wino uliofifia kwa kupiga picha kwa mianga ya aina mbalimbali, wakakuta kwamba maandishi ya siku ile na kitabu havisemi sawasawa. Katika maandishi ya gazetini, watu wa msafara wa Livingstone mwenyewe wanaonekana vibaya zaidi kuliko walivyoonekana kitabuni. Kwa hiyo tuna tukio moja na matoleo matatu, na kwa matoleo mawili kati ya hayo kalamu ni ya mtu mmoja. Majina ya wafanyabiashara yapo, Dugumbe na Tagamoyo. Wanawake wa soko ni umati, wenye mitungi na vikapu, na kisha ni vichwa vinavyozama mtoni. Mwandishi aliwahurumia kweli, lakini hakuwauliza wanaitwaje, na mhariri hakuwa na cha kuongeza.

Turudi kwa Ororo, kwa sababu bado hana nguvu. Mwanzoni mwa 1986, katika toleo la 201, anapambana na Cyclops kugombea uongozi wa kikosi, na anamshinda, yeye asiye na chochote dhidi ya mwanamume anayetoa miale machoni. Ukitaka kujua kwa nini tukio hilo linapendwa, liweke kando ya lililompata Wonder Woman. Huyo alibuniwa mwaka 1941 na William Moulton Marston, mwanasaikolojia aliyeamini kwamba wanawake wangetawala dunia vizuri kuliko wanaume, akamtoa katika kisiwa kizima cha wanawake wenye sheria na michezo yao. Marston akafa 1947, na Robert Kanigher aliyemrithi akamfanya mwenye kuhangaishwa sana na wachumba. Mwaka 1968 Dennis O'Neil na Mike Sekowsky wakamwondolea nguvu, kisiwa kikaenda zake mahali pengine, naye akafungua duka la nguo na kufundishwa karate na mzee kipofu wa Kichina. Walidhani wanamfanya mwanamke wa kisasa. Mtetezi wa haki za wanawake Gloria Steinem na wenzake wakaona ametukanwa, na mwaka 1972 wakamweka kwenye jalada la jarida lao la Ms. akiwa na vazi lake la zamani. Mwaka uliofuata nguvu zikarudishwa.

Wote wawili walipoteza nguvu. Mmoja alipungua na mwingine akaongezeka, na maelezo yangu ni yaleyale: tazama walio karibu. Wonder Woman aliondolewa dada zake akapewa mwalimu. Ororo aliachiwa watu wa kuwaongoza.

Miaka ya tisini naipita haraka. Claremont aliondoka 1991 baada ya kutofautiana na mhariri wake, na Ororo, ambaye nguvu zilikuwa zimekwisha kumrudia, akarudi kuwa mwanamke mrefu anayetoa hotuba kwa upepo kabla ya kupiga radi. Watoto wa wakati ule walimjua kwa filamu za katuni za televisheni, na kuanzia mwaka 2000 kwa sinema, akiigizwa na Halle Berry, ambaye katika filamu ya kwanza alijaribu lafudhi ya Kiafrika na katika ya pili akaiacha bila maelezo, kana kwamba Kenya ilikuwa mafua na amepona.

Huku Kongo tulimpokea kwa Kifaransa, akiitwa Tornade. Na katika mabanda ya video ya Afrika Mashariki yote kuna mwandishi mwingine ambaye Marvel haimlipi wala haimjui: yule anayesimulia juu ya filamu kwa Kiswahili. Kenya ina DJ Afro, Tanzania ilikuwa na Lufufu, Uganda wana wao kwa Kiluganda. Msimulizi wa aina hii haheshimu mhusika mkuu hata kidogo. Mlinzi wa mlangoni anayeonekana kwa sekunde tatu kabla ya kupigwa hupewa jina, mke anayemdai kodi ya nyumba, na sababu ya kuwa zamu ya usiku. Wasomi hucheka, wanasema filamu imeharibiwa. Mimi naona ndio waandishi pekee katika mlolongo huu mzima wanaofanya kile ambacho sura hii inakitafuta.

Mwaka 2006 Ororo aliolewa. Aliyeamua ni Reginald Hudlin, mtengeneza filamu Mmarekani mweusi aliyekuwa akiandika Black Panther, na bwana harusi alikuwa T'Challa, mfalme wa Wakanda. Kabla ya arusi mfululizo wa katuni juu ya mapenzi yao uliandikwa na Eric Jerome Dickey, mwandishi wa vitabu vya mapenzi vilivyouzwa sana. Claremont alikuwa amewakutanisha wawili hao tangu 1980 katika kumbukumbu fupi: binti mdogo wa barabarani anamwokoa mvulana wa kifalme mikononi mwa watekaji kutoka Afrika Kusini. Dickey alilichukua hilo dogo akalifanya pendo la ujana, na uokoaji ukawa kisingizio cha kukutana.

Nia ya Hudlin naielewa na naiheshimu. Alitaka dunia iwaone Waafrika wawili wanaopendana, matajiri, wenye mamlaka, wanaoalikwa na marais. Kwa miaka thelathini wanaume waliomzunguka Ororo kwenye kurasa walikuwa karibu wote Wazungu. Lakini ukihesabu watu, utaona kwamba arusi ilimhamisha Ororo kutoka kwenye watu wake, wale X-Men aliowaongoza, hadi kwenye watu wa mumewe. Wakanda walikuwa na majina, ndiyo, majenerali, mama mkwe, wifi mwenye akili kali. Wote walikuwa wa T'Challa kabla ya kuwa wake. Bibi yeyote wa Kabambare anaweza kueleza hali hiyo bila kusoma katuni. Na ndoa ilipovunjwa, mwaka 2012, ilivunjwa na mfalme kwa tamko lake mwenyewe, katika hadithi iliyohusu vita vya wengine. Waandishi wa vita hivyo walihitaji Ororo na T'Challa wawe pande mbili, basi.

Ilibidi afike 2014, karibu miaka arobaini tangu azaliwe, ndipo apate jarida la kila mwezi lenye jina lake, likiandikwa na Greg Pak. Lilidumu matoleo kumi na moja.

Halafu ikaja zamu ambayo sikuitarajia. Mwaka 2021 mutanti waliigeuza sayari ya Mars ikawa ya kukalika, wakaiita Arakko, na Ororo akawa mkuu wake. Mwandishi Mwingereza Al Ewing, katika X-Men Red ya 2022, alifanya jambo rahisi ambalo hakuna aliyelifanya kabla yake: alimzungushia watu wasiomwogopa. Wana Arakko wamepigana vita kwa vizazi, wana baraza lao, na kiti cha barazani kinaweza kugombewa na yeyote mwenye ubavu. Wanambishia. Wanamcheka. Wanamkumbusha kwamba kuitwa malkia mahali pengine si sababu. Ni hadithi ya sayari nyekundu, yenye watu wa rangi zote za upinde wa mvua, na humo ndimo, kwa maoni yangu, Ororo anamofanana zaidi na kiongozi wa Kiafrika ninayemtambua: mtu aliyekalia kiti huku wazee wakikohoa.

Mwaka 2024 jarida lake lilianza kuandikwa na Mnigeria, Murewa Ayodele, na kwetu habari hiyo ilipokewa kana kwamba mambo yamemalizika: sasa Mwafrika anamwandika Mwafrika. Nina furaha kama wengine. Ila sioni kwa nini Lagos iwe karibu na Serengeti kuliko New York kwa sababu tu zote mbili ziko bara moja, na sioni kwamba sisi wenyewe tukishika kalamu huwa tunawakumbuka wa pembeni.

Mfano ninao, tena wa mwanamke aliyeishi. Mekatilili wa Menza aliwaongoza Wagiriama wa pwani ya Kenya kukataa kodi ya Waingereza na kuchukuliwa kwa vijana wao kazini, mwaka 1913. Kwa ofisa wa wilaya, Arthur Champion, alikuwa kikongwe mchochezi. Kwa mwanahistoria Cynthia Brantley, aliyechapisha kitabu chake 1981, alikuwa sehemu ya jamii nzima iliyokuwa ikigombana na serikali na pia yenyewe kwa yenyewe. Kwa Elizabeth Mugi-Ndua, aliyemwandikia watoto wa shule mwaka 2000, ni mpiganaji. Siku hizi wachoraji vijana wa Kenya humchora kama shujaa wa katuni hasa, misuli imemjaa, macho yanawaka. Simulizi inayopendwa kuliko zote ni ya kuku: kwamba alimletea Champion kuku na vifaranga, akamwambia ajaribu kuchukua kifaranga kimoja aone mama yake atamfanya nini.

Michoro hiyo naipenda. Lakini kuna mtu haonekani ndani yake. Mekatilili alikamatwa pamoja na mzee aitwaye Wanje wa Mwadorikola. Walipelekwa uhamishoni pamoja, magharibi ya mbali, na mapema 1914 walitoroka pamoja wakarudi kwa miguu, mamia ya kilomita. Wanje huwa wa kwanza kufutwa mchoraji anapotaka shujaa mmoja tu ukurasani. Wa pili kufutwa ni wanawake wa ngoma ya kifudu, ambao Mekatilili alizunguka nao kijiji hadi kijiji akikusanya watu kwa ngoma ya msiba. Wa tatu ni walioapa, wanawake kwa kiapo cha mukushekushe na wanaume kwa kiapo cha fisi, kwamba hawatawafanyia Waingereza kazi. Wakitoka wote hao, anabaki mwanamke mmoja mwenye misuli na inabidi apewe radi mkononi, maana nguvu alizokuwa nazo kweli zilikuwa kwao. Waingereza walilielewa jambo hilo vizuri kuliko wachoraji: kumkamata waliona hakutoshi, wakaenda mwezi Agosti 1914 kulipua kwa baruti Kaya Fungo, pale watu walipokutania.